Trakta Ndogo Hukaguliwa Kutoka Nyuma

Wanunuzi wengi wa trakta kuukuu huanzia mbele. Huinua boneti, huomba injini iwashwe, husikiliza mlio, hutazama moshi, kisha huuliza bei. Muuzaji analijua hilo, ndiyo maana injini huwa imeshaoshwa, imetiwa oili mpya na kupakwa rangi kabla mgeni hajafika. Ushauri wangu kwa anayetafuta trakta ndogo ya shamba la nyumbani hapa Kakamega ni aanzie upande wa pili. Achuchumae nyuma ya kiti, penye mikono mitatu ya kunyanyulia zana, shafti ya PTO inayozungusha mashine, na giaboksi. Huko ndiko trakta inakofanyia kazi, ndiko inakochakaa, na ndiko matengenezo yanakomaliza pesa za mwenyewe.

Sisemi hivyo kwa ajili ya ufundi peke yake. Sehemu ya nyuma ndiyo inayojibu swali ambalo mnunuzi anapaswa kujiuliza kabla hajatoka nyumbani: trakta hii itafanya kazi gani katika miezi ambayo hakuna anayelima?

Ardhi na hesabu yake

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,867,579 katika kaunti hii yenye kilomita za mraba zipatazo 3,000. Hao ni zaidi ya watu 600 kwa kila kilomita ya mraba. Lakini kwa mwenye trakta, Kakamega ni kaunti mbili. Kaskazini, Lugari na Likuyani, kwenye yaliyokuwa mashamba ya walowezi, bado utapata mtu mwenye ekari kumi au ishirini za mahindi zilizonyooka. Huko trakta ya nguvu za farasi 75 ina pa kugeukia. Kusini, kuanzia Butere na Khwisero hadi Ikolomani na Shinyalu, shamba la familia mara nyingi halifiki ekari mbili. Lina ua pande zote, migomba, miparachichi, zizi la ng'ombe na makaburi ya wazee. Trakta kubwa ikiingia humo, nusu ya muda wake huishia kurudi nyuma na kugeuka, na ikitoka huacha pembe zote nne hazijalimwa.

Ndiyo maana trakta ndogo, ya nguvu za farasi 20 hadi 50, inavutia watu. Hupita kwenye lango la kawaida, hugeukia kati ya migomba, na bei yake haimlazimu mtu kuuza kiwanja. Hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu, kwa sababu wanainunua ili iwalimie.

Chukua shamba la ekari sita. Rotaveta yenye upana wa mita 1.2 ikivutwa kwa kilomita mbili na nusu kwa saa hupitia mita za mraba 3,000 kwa saa. Ondoa theluthi moja kwa kugeuka, pembe na visiki. Zinabaki 2,000, ambazo ni kama nusu ekari. Kupitisha rotaveta mara mbili kwenye ekari sita ni saa 24, siku tatu za kazi. Ukiwa na misimu miwili, ule wa mvua ndefu unaoanza Machi na ule wa mvua fupi unaoanza Agosti, trakta imelima siku sita. Mwaka una siku 365.

Sasa tuseme mwenye trakta ya kukodi anakutoza shilingi 4,000 kwa ekari kila anapopita. Ekari sita, mara mbili, misimu miwili, utamlipa shilingi 96,000 kwa mwaka. Ikiwa trakta kuukuu unayoitamani inauzwa shilingi 900,000, utahitaji zaidi ya miaka tisa ya kulima ili urudishe bei ya kununulia tu, kabla hujatia lita moja ya dizeli.

"Nitawalimia majirani," husema wengi. Ni kweli, lakini majirani wote wanakutaka katika majuma yale yale mawili. Kwa siku 12 za kazi, ukikimbia saa nane kila siku, trakta ndogo haitavuka ekari 48, na hapo sijahesabu muda wa kuhama kutoka kipande kimoja cha robo ekari hadi kingine. Tena udongo mwekundu uliokauka Januari huifanya rotaveta irukeruke juu ya ardhi na kula visu vyake. Kazi ya kuvunja ardhi ngumu ni ya plau ya sahani, na plau hiyo inataka trakta nzito.

Kwa hiyo anayetaka kulima tu, na akodi. Siku hizi hata kukodi kumepata sura mpya. Kampuni ya Hello Tractor, iliyoanzia Nigeria na sasa ina mizizi Kenya, huunganisha wenye trakta na wakulima kwa simu, na mwenye mashine huona kwenye ramani ilipo na ekari ilizolima. Trakta ndogo inunuliwe na mtu mwenye kazi za mwaka mzima: kupukuchua mahindi kuanzia Julai na Agosti, kukata nepia na mahindi ya sileji, kufyeka malisho, kusomba samadi, mchanga, matofali na magunia. Mashine ya kupukuchua inayozungushwa na PTO, inayopita boma hadi boma ikilipwa kwa gunia, inaweza kuingiza pesa kuliko plau, kwa sababu mavuno ya jirani hayamalizwi kwa majuma mawili. Mwenye ng'ombe wawili hahitaji trakta ya kukatia nyasi, mota ya umeme inamtosha. Mwenye ng'ombe kumi, kila mmoja akila zaidi ya kilo 50 za nepia mbichi kwa siku, ana sababu.

Kwa nini nyuma

Harry Ferguson, fundi kutoka Ireland Kaskazini, ndiye aliyetuletea mikono mitatu tunayoiona nyuma ya karibu kila trakta ya leo. Kabla yake, trakta ilivuta plau kwa mnyororo au pini, na ili isiteleze ilibidi iwe nzito. Mikono ya Ferguson iliufanya uzito wa zana na mvuto wa udongo uyakandamize magurudumu ya nyuma, hivyo trakta nyepesi ikaweza kulima kama nzito. Trakta yake ya TE20 iliundwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, zaidi ya 500,000. Massey Ferguson 35, 135 na 240 tunazozijua vijijini ni wajukuu zake. Ikiwa mikono hiyo imelegea na haidroliki haina nguvu, ulichonunua ni gari la polepole lisilo na boneti nzuri.

Soko letu la trakta ndogo zilizotumika lina koo tatu. Wa kwanza ni huo wa Massey za zamani. Massey 135, iliyoanza kuundwa 1964, na 240 iliyofuata, zinatumia injini ile ile ya Perkins yenye silinda tatu na ujazo wa lita 2.5. Pistoni, laina na gasketi zake bado zinatengenezwa Asia, na fundi yeyote wa trakta kati ya Mumias na Webuye amewahi kuifungua. Ubaya wake ni umri. Kwa kawaida ni za magurudumu mawili ya kusukuma, na kwenye udongo uliolowa wa kaunti ambayo mvua yake inaweza kufikia milimita 2,000 kwa mwaka, huteleza.

Ukoo wa pili ni wa Japani: Kubota, Yanmar, Iseki na Shibaura ndogo zinazoshushwa Mombasa zikiwa zimetumika. Nyingi husukuma kwa magurudumu yote manne, hunywa dizeli kidogo na huja na rotaveta yake. Ukoo wa tatu ni wa India, kama Mahindra na Sonalika, zilizonunuliwa mpya hapa nchini na sasa zinauzwa na mwenyewe wa kwanza au na mkopeshaji aliyezichukua. Hizi mara nyingi zina historia inayofuatilika, na hilo ni jambo kubwa.

Ukaguzi

Anza na mikono miwili ya chini. Shika ncha ya kila mmoja uutikise juu na chini. Kuyumba kidogo kando ni kawaida, lakini kugongagonga kwenye viungo ni uchakavu. Chukua rula upime tundu la pini. Zana nyingi za trakta ndogo hapa nchini ni za daraja la kwanza, yaani pini ya milimita 22 chini na 19 juu. Daraja la pili ni 28 na 25. Baadhi ya trakta za Japani zina kifungio chao maalumu kinachoivaa rotaveta iliyokuja nayo tu. Ukiuziwa trakta bila rotaveta hiyo, utamtafuta fundi wa kuchomelea kabla hujaanza kazi.

Kisha shafti ya PTO. Ile ya mizunguko 540 kwa dakika ina meno sita. Yapitishie kidole. Meno yaliyochongoka kama kisu au kujipinda yamebeba mzigo kupita kiasi, na huenda gia za ndani zimebeba hali hiyo hiyo. Trakta nyingi za Japani zina kasi tatu au nne za PTO, basi uliza ni ipi iliyo karibu na 540, kwa maana mashine ya kupukuchua ikizungushwa kwa kasi isiyo yake huvunja punje au huvunjika yenyewe. Angalia pia klachi. Kwenye Massey yenye klachi mbili, ukikanyaga nusu trakta inasimama na PTO inaendelea, na ukikanyaga hadi chini vyote vinasimama. Kama nusu ya kwanza haitenganishi kitu, klachi inahitaji kufunguliwa, na kufungua klachi maana yake ni kuikata trakta vipande viwili.

Kipimo cha haidroliki ndicho ninachokithamini kuliko vyote. Injini ipimwe ikiwa baridi, lakini haidroliki ipimwe ikiwa moto. Oili baridi ni nzito na huficha udhaifu wa pampu. Ifanyishe trakta kazi nusu saa, kisha inyanyue plau au rotaveta hadi juu, uzime injini, na utie alama ya chaki mahali mikono ilipofikia. Ikishuka polepole kwa dakika kadhaa, vumilia. Ikianguka kabla hujamaliza kusalimiana na mwenye boma, sili au vali zinavuja. Iwashe tena uangalie kama inanyanyua bila kusitasita na bila mlio wa kukwama.

Kwenye giaboksi nina ombi moja ambalo wauzaji hawalipendi. Trakta ilale bila kuwashwa usiku mzima, na asubuhi parafujo ya chini ya kumwagia oili ilegezwe mpaka yatoke matone machache. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiwa yamelala chini yatatangulia kutoka. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji yaliyochanganyika. Fanya vivyo hivyo kwenye ekseli ya mbele ya trakta ya Japani inayosukuma kwa magurudumu manne. Nyingi zilizaliwa kwenye mashamba ya mpunga, zikifanya kazi matope yakiwa yamefika kwenye sili za magurudumu. Rangi mpya ya Mombasa haifiki ndani ya ekseli. Injini ya silinda tatu hufufuliwa na fundi wa mtaani, lakini gia za ekseli hiyo zikiliwa na kutu, huenda usizipate Kenya nzima.

Baada ya hayo, iendeshe kwenye mteremko, na Shinyalu haikosi mteremko. Teremka kwa kila gia ukiwa umeachia mafuta. Gia inayoruka yenyewe imekwisha. Jaribu breki ya kushoto peke yake, kisha ya kulia.

Ndipo urudi mbele. Jambo moja la huko hufanywa kabla ya yote: fika mapema na uguse injini kwa kiganja. Kama ina moto, kuna aliyeiwasha ili isikuaibishe. Ikiwaka, moshi wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni dizeli nyingi au hewa kidogo, na mweupe usiokoma ni dizeli isiyoungua au maji. Fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma. Mvuke mwepesi si kitu, lakini moshi unaopumua kwa nguvu unaonyesha ringi zilizochoka. Mita ya saa usiiamini peke yake, kwa maana hubadilishwa. Ilinganishe na kanyagio la klachi, kiti, usukani na pini za mikono. Mita inayosema saa 900 huku kanyagio limeliwa hadi chuma kung'aa inasema uongo.

Zilizotoka kwenye miwa

Kakamega ina jambo ambalo kaunti nyingi hazina. Mumias, Matungu, Navakholo na Malava ni ukanda wa miwa, na trakta nyingi kuukuu zinazouzwa huko zimetumika kuvuta trela. Kampuni ya Sukari ya Mumias iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, huku viwanda vya Kabras na Butali vikiendelea kununua miwa upande wa Malava. Saa elfu za kuvuta miwa hazilingani na saa elfu za kulima. Anayelima huchosha mikono na magurudumu, lakini anayevuta trela iliyojaa kupita kiasi huchosha klachi, breki na ekseli ya nyuma. Dalili ziko wazi: tundu la kufungia trela limekuwa refu kama yai, meno ya tairi yamekwisha katikati kwa ajili ya lami, na kanyagio la breki linazama. Trakta ya aina hiyo si lazima uikatae, ila bei yake iwe na klachi na breki mpya ndani yake.

Spea, karatasi na usalama

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Walikuwa na jembe la mkono, ambalo mpini wake hukatwa kichakani. Trakta mpini wake uko dukani, na duka linaweza kufungwa. Mwaka 2025 CMC Motors, iliyouza New Holland hapa nchini kwa muda mrefu, ilitangaza kuondoka Afrika Mashariki. Wenye trakta hizo hawakuachwa mikono mitupu, kwa sababu ni nyingi na wauza spea wa kujitegemea wanazijua. Mwenye trakta ya nadra hana kinga hiyo.

Basi kabla ya kulipa, andika vitu vitano: diski ya klachi, sili za ekseli ya mbele, pampu ya haidroliki, chujio la oili, na tairi la nyuma kwa saizi iliyoandikwa ubavuni. Ulizia maduka ya Kakamega mjini, kisha Kisumu na Eldoret. Kitu kisichopatikana ndani ya juma moja kinaweza kukugharimu msimu mzima, na trakta za soko la Japani mara nyingi zina nambari za modeli zisizomo kwenye vitabu vya spea vya nchi nyingine. Vitu viwili kati ya vitano vikikosekana, ondoka.

Karatasi nazo zina mitego yake. Nambari ya usajili ya trakta huanza kwa KT. Linganisha nambari za chasisi na injini na zile za logibuku, na uhamishaji ufanywe kupitia NTSA kwenye eCitizen siku ya malipo. Sheria ya Haki za Dhamana kwenye Mali Inayohamishika ya 2017 iliweka sajili ambamo benki huandika mali zilizowekwa rehani. Itafute trakta humo, kwa maana deni la muuzaji linaweza kuifuata mashine hadi kwako. Tena, trakta ikiwa ya marehemu, wana hawawezi kuiuza kwa makubaliano ya kikao cha matanga. Sheria ya Urithi, kifungu cha 45, inafanya kuingilia mali ya marehemu bila idhini kuwa kosa. Uliza hati ya usimamizi wa mirathi. Kwa mtindo wa familia zetu, mdai wa tano hujitokeza trakta ikishaanza kuingiza pesa.

Mwisho, chuma cha kumlinda dereva trakta inapopinduka. Trakta ndogo ni nyembamba na mashamba ya Ikolomani yana miinuko na mawe. Kikiwa kimekatwa, kirudishwe kabla ya kazi ya kwanza. Shafti ya PTO pia ivishwe kinga yake. Mizunguko 540 kwa dakika ni tisa kwa sekunde, na ncha ya leso ikinaswa hakuna muda wa kuzima.

Uamuzi

Mwenye ekari mbili Khwisero akodi, na pesa zake azitie kwenye ng'ombe au mbolea. Mwenye ekari kumi za mahindi Likuyani, anayetaka kuvunja ardhi kwa plau, atafute Massey 240 au trakta ya India yenye historia, asidanganywe na usafi wa trakta ndogo ya Japani. Mwenye ekari nne au tano za nepia, migomba na ng'ombe kumi huko Shinyalu au Lurambi, na mwenye mashine ya kupukuchua anayepanga kuzunguka kata nzima, hao ndio wanunuzi halali wa ile ya Japani ya magurudumu manne, mradi ekseli yake imetoa oili safi na orodha ya spea imekamilika.

Na yeyote kati yao asitumie bajeti yote siku ya kununua. Robo nzima ibaki benki kwa ajili ya mwaka wa kwanza, kwa sababu matairi, klachi na sili hujitokeza baada ya mauzo. Mwenye laki nane anunue trakta ya laki sita.